Bawabu Hagusi Barua

Nimewapaka poda mawaziri wanne, askofu mmoja na majenerali wengi, na niseme mapema kwamba uso wa mkubwa unatoka jasho kama uso wako. Hilo vidole vyangu vililijua miaka mingi. Lakini kulijua kwa vidole ni jambo moja, na kulisikia likisemwa Jumamosi usiku mbele ya nusu ya Uingereza ni jambo jingine. Majira ya baridi ya mwaka sitini na mbili nilikuwa na miaka arobaini na moja, nimeolewa nikaachika, nimepigwa mabomu na Mjerumani, na nilidhani nimemaliza kushangaa.

Ila nimsimulie Muriel Ovenden. Mimi ni Peggy tu, mpambaji wa nyuso studio ya televisheni, nilikuwa na kiti changu cha poda, brashi zangu na mdomo wangu. Muriel aliketi hatua sita kutoka kwangu, nyuma ya kamera ya pili, akizungusha gombo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Maneno yote ya msomaji aliyapiga kwa taipureta yenye herufi nene, kwenye karatasi ndefu iliyoviringishwa. Gombo hilo lilifungwa kwenye mashine iliyokaa mbele ya kamera, na Muriel alikaa na swichi mkononi akiliteremsha taratibu kufuata sauti. Msomaji akienda mbio, gombo linakwenda mbio. Akikohoa, linamngoja. Watu majumbani walimwona Desmond Harker, kijana mrefu mwenye nyusi za dharau, wakasema anavyojua kusema! Sisi wa studio tulijua Desmond angesoma hata orodha ya dobi kama ingetokea kwenye gombo. Maneno yalikuwa mkononi mwa Muriel.

Kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: mtu wa gombo hana maoni. Anapiga anacholetewa, hata kikiwa na makosa. Na hacheki, kwa sababu akicheka mkono unatikisika, karatasi inaruka, na msomaji anabaki ametumbua macho kama samaki wa barafu. Katika kipindi kilichowafanya Waingereza waegemeane kwa kicheko, alikuwemo mtu mmoja aliyekatazwa kucheka, na kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko wote.

Kipindi kiliitwa Kabla ya Taa Kuzimwa. Kilikuwa cha mwisho Jumamosi, na baada yake ulipigwa wimbo wa taifa, kisha kioo kikawa cheusi. Kwa kuwa hakuna kilichokifuata, hakuna aliyeweza kukikata. Waliokitengeneza hawakuficha chochote. Kamera zilionekana, nyaya zilionekana, kuta zilikuwa matofali matupu, na hadhira ilinyweshwa mvinyo wa moto. Usiku wa kwanza Desmond alisimama akalitaja jina la waziri mmoja bila "Mheshimiwa" mbele yake, akasoma alichosema Jumanne, kisha akasoma alichosema Alhamisi. Basi. Hakuongeza neno.

Mimi nilibaki na poda mkononi, mdomo wazi. Nilisubiri polisi waupige mlango teke. Nilimtazama mlinzi wa studio, naye akanitazama, na nadhani sote tulikuwa tunasubiri watu walewale. Hawakuja. Dari haikuanguka. Kesho yake mkate ulikuwa na ladha ileile, na mwuza maziwa alipita akipiga mluzi, na mimi nilitembea barabarani kana kwamba nimeuona mlima ukisogea. Baada ya wiki sita wenye baa walianza kulalamika kwamba Jumamosi wateja wanatoroka mapema kuwahi televisheni.

Mtu mmoja hakutoroka kuja kutazama. Huyo ni baba yake Muriel, Mzee Wilfred Ovenden.

Mzee Wilfred alikuwa bawabu wa mlango wa mbele wa wizara moja pale Whitehall, mtaa wa serikali jijini London, miaka thelathini na moja. Kofia ndefu nyeusi, koti lenye vifungo vya shaba, medali mbili za vita. Waliishi yeye na Muriel tu kule Fulham, magharibi mwa London, mama alishafariki. Kila usiku wimbo wa taifa ulipopigwa kwenye televisheni, mzee aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akabana visigino ndani ya ndara, akasimama wima sebuleni peke yake mpaka noti ya mwisho. Kisha akazima mwenyewe. Ila Jumamosi, wakati wa kipindi chetu, alikwenda kukaa jikoni na birika lake la chai, na alirudi sebuleni kwa ajili ya wimbo tu.

"Watoto waliosomeshwa wakashiba," alimwambia Muriel, "sasa wanatemea sahani."

Muriel akamjazia chai. Nimesema hana maoni.

Mwezi Februari, barafu ikiwa imekamata mabomba ya London nzima, paa la shule moja katika mji wa Skelbeck lilielemewa na theluji likaporomoka juu ya ukumbi wa chakula. Ilikuwa Jumapili, hakuna mtoto aliyekuwemo, Mungu mkubwa. Lakini mwalimu mkuu, mama mmoja asiyeogopa mtu, aliwaambia waandishi kwamba alikuwa ameiandikia wizara barua nne kuhusu paa hilo, na nakala anazo. Jumatano waziri wa wizara hiyo akasimama bungeni. Akasema kwa masikitiko makubwa kwamba barua hizo hazikuvuka mlango wa wizara, kutokana na uzembe wa mtumishi mdogo wa mlangoni, na kwamba hatua zimechukuliwa. Wabunge wakaguna. Magazeti yakayaandika maneno yake kama yalivyo. Habari ikaonekana imekwisha.

Alhamisi saa tano asubuhi Muriel alimkuta baba yake jikoni, amekaa na koti lake mwilini.

"Baba, mgonjwa?"

"Nimepumzishwa. Uchunguzi."

"Ni zile barua za Skelbeck?"

"Nimeambiwa nisiseme na mtu."

"Hata mimi?"

"Na wewe ni mtu."

Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuchelewa hata siku ya mabomu, na sasa angeondoka kwa jina la mzembe aliyekaribia kuwaua watoto wa watu. Mjumbe wa kanisa alishampita barabarani bila salamu. Na mzee hakutaka kusema lolote, kwa sababu ameambiwa asiseme, na aliyemwambia ni mkubwa.

Nilikuja kuyajua haya baadaye. Jumamosi ile Muriel aliingia studio kama kawaida, akavua glavu, akaweka karatasi, akaanza kupiga. Mimi nilikuwa na Desmond kitini, nampaka wekundu puani. Crispin Allardyce, mtayarishaji wetu, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye akili kali na soksi zisizofanana, alikuwa ameandika kichekesho kipya. Desmond angekuwa bawabu mlevi wa wizara, anazipaka barua jemu na kuzila na chai, nyingine ameziweka chini ya mlango usigongegonge. Niseme ukweli wangu: nilicheka. Nikaongeza wekundu.

Taipureta ya Muriel tulikuwa tumeizoea kama watu wanavyoizoea saa ya ukutani. Huisikii mpaka isimame. Ikasimama.

"Bi Ovenden," Crispin akaita, "kuna neno halisomeki?"

"Yote yanasomeka."

"Sasa mbona?"

"Bawabu hagusi barua."

Crispin akatabasamu kwa adabu. "Samahani?"

"Bawabu wa wizara hagusi barua. Haruhusiwi. Barua zinaingilia dirisha la matarishi, mtaa wa nyuma. Zinagongwa mhuri, zinaandikwa kwenye daftari, zinapandishwa juu. Mlango wa mbele ni wa watu."

"Dada yangu, hiki ni kichekesho, si mtihani wa..."

Hapo mdomo ukaniponyoka. "We Crispin, baba yako si alikuwa mkubwa wizara hiyohiyo?"

"Alikuwa, ndiyo."

"Umepita mlango ule mara ngapi?"

"Ah, Peggy! Tangu navaa kaptula."

"Na bawabu alikuwa anafanya nini?"

Akafungua kinywa, akakifunga. Nilimwona anatafuta kichwani kama mtu anayetafuta funguo. "Alikuwa... anasimama," akasema.

"Jina lake nani?"

Crispin akazitazama soksi zake.

"Anaitwa Wilfred Ovenden," Muriel akasema. "Ni baba yangu."

Hapo ndipo jambo lilipotudhihirikia wote kwa pamoja. Uongo wa waziri haukuwa hata wa kuumiza kichwa, mtu yeyote angeweza kuushika mkia. Lakini wabunge wa pande zote mbili, wahariri, na hawa vijana wetu wakali waliokuwa wanawaumbua wakubwa kila Jumamosi, wote walikuwa wameingilia mlango wa mbele maisha yao yote, na hakuna hata mmoja aliyejua yule mtu aliyeushika anafanya kazi gani. Walilelewa hivyo. Asiyetazamwa unaweza kumtwika chochote.

Mwanasheria wetu, bwana mmoja mwembamba aliyekaa kila Jumamosi na kalamu ya bluu ya kukatia maneno, akauliza kama kuna ushahidi.

"Kipo kibao cha shaba juu ya dirisha," Muriel akamjibu. "Ndicho nilichojifunzia kusoma. Nikimpelekea Baba chakula, nilikuwa namtazama kwanza kutoka barabarani, kisha namngojea kwa nyuma."

Mwanasheria akachukua kofia yake bila neno, akaita teksi. Alirudi baada ya dakika arobaini, theluji mabegani, uso umemshuka.

"Kipo," akasema. "'Barua zote zikabidhiwe hapa, si mlango wa mbele.' Nimefanya kazi mtaa ule miaka tisa." Akaketi. Akaifunika kalamu yake ya bluu.

Crispin akachana kurasa za bawabu mlevi mara mbili, kisha mara nne. Akavuta kiti, akakaa karibu na taipureta, chini kidogo ya Muriel, kama mwanafunzi. "Niambie anafanya nini," akasema. "Kila kitu. Tangu asubuhi." Na Muriel akamwambia, huku vidole vyake vinapiga, na kwa mara ya kwanza gombo lilikuwa na maneno ya mtu wa gombo. Mimi nikamfuta Desmond pua. Aibu ilikuwa yangu kuliko yake.

Kabla ya kuanza, Muriel alinishika mkono wa blauzi.

"Peggy, sijamwomba ruhusa."

"Yeye kaambiwa asiseme. Wewe nani kakuambia?"

"Na wakimfukuza kabisa kwa ajili yangu? Na kama ataona nimemvua nguo mbele ya nchi nzima?"

Nilimpaka poda kidogo puani, ingawa hakuna kamera iliyowahi kumtazama, kwa kuwa hicho ndicho nilichokuwa nacho.

Ilipofika zamu yake, Desmond alisimama mbele ya ukuta mtupu. Hakuna kofia, hakuna kuigiza.

"Kazi za bawabu wa wizara," akasoma. "Kwanza. Awe mlangoni saa mbili kasorobo asubuhi, mvua au jua. Pili. Anapoingia mkubwa, huinua kofia kwa mkono wa kulia, na hufungua mlango kwa mkono wa kushoto. Tatu. Amjue kwa jina kila anayeingia. Anayeingia hana haja ya kulijua lake."

Vicheko viwili vitatu, vya wasiwasi.

"Nne," akasoma. "Barua."

Na gombo likasimama.

Desmond hakuwa na neno la kusoma. Alibaki anatazama kamera, nyusi juu, hana pa kukimbilia. Moja. Mbili. Nilikuwa nahesabu. Kutoka kwenye vipokea sauti vya mpigapicha niliisikia sauti ya Crispin, aliyekuwa chumba cha kuongozea, nyembamba kama ya mbu: "Gombo! Gombo limekwama!" Nikamtazama Muriel. Halikukwama. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi, kimetulia tuli, na macho yake hayakuwa kwa Desmond bali kwa watu. Tatu. Nne. Alikuwa anawangojea. Nyuma kabisa mwanamke mmoja aliguna, akaanza kucheka taratibu, kama mtu aliyeelewa. Jirani yake akaelewa. Kikatembea kicheko kile safu kwa safu, watu wanageuziana nyuso, kila mmoja anajiuliza mbona hakuwahi kuuliza. Kilipokuwa kimeiva, Muriel akasogeza kidole.

"Hagusi," Desmond akasoma.

Sijapata kusikia kitu kama kile, na nimekaa studio miaka thelathini. Watu walisimama. Mwanamume mmoja alipiga goti lake kwa ngumi. Na kilipotulia, Muriel akaliteremsha lililobaki, na Desmond akalisoma kwa upole kabisa: "Waziri amepita mlango huo kila siku ya kazi kwa miaka sita."

Hakukuwa na tusi. Hakuna hata neno moja ambalo kalamu ya bluu ingeligusa. Nililia nikaharibu poda yangu mwenyewe. Nilikuwa nimemwona mwanamke aliyevaa sweta la kijivu, ambaye hata wapishi wa kantini hawakulijua jina lake, akiishika nchi nzima kwa kidole kimoja, akainyima neno mpaka ifikiri.

Wimbo wa taifa ulipoanza kusikika, Muriel alikuwa analifungua gombo kutoka kwenye mashine. "Sasa hivi Baba anasimama," akaniambia.

Jumapili asubuhi, nilivyosimuliwa, mzee alikuwa anakaanga samaki wa moshi kama kila Jumapili. Alimpakulia binti yake. Akakaa. Akaweka chumvi.

"Mkono wa kulia," akasema.

"Nini, Baba?"

"Mlango unafunguliwa kwa mkono wa kulia. Kofia ndiyo kwa kushoto. Umenitazama kwa mbele tangu utoto, ndiyo maana umegeuza."

Muriel akaweka uma chini. "Ulikitazama kipindi?"

"Chai ilikwisha jikoni." Akamtoa samaki wake miba, mmoja mmoja, mpaka akamaliza upande mzima. "Na nina jambo jingine. Wimbo wa taifa ulipigwa jana nikiwa nimekaa."

"Unaumwa miguu?"

"Nilikuwa nacheka, mwanangu. Nilijaribu kusimama. Miguu haikunisikia."

Juma lile waziri aliulizwa bungeni kutoka pande zote mbili, na akajibu kwamba alipewa taarifa zisizo sahihi. Hakuanguka. Nani alikudanganya kwamba wakubwa wanaanguka kwa kicheko kimoja? Alikaa kitini mpaka uchaguzi. Ila Jumatano barua ilifika Fulham, mistari mitatu: Bwana Ovenden aripoti kazini kesho. Neno la samahani halikuwemo. Mzee aliisoma, akaikunja, akaanza kuisugua kofia yake kwa kitambaa cha hariri.

Alhamisi asubuhi tulikwenda, mimi na Muriel, tukasimama ng'ambo ya barabara tukijifanya tunangoja basi. Baridi ilikuwa inakata masikio. Mzee Wilfred alikuwa mlangoni saa mbili kasorobo, vifungo vinameremeta, mgongo kama rula. Watu waliopanda ngazi walikuwa wanampa mkono mmoja mmoja, kwa haya, kama watu wanaomsalimu mgeni. Kisha gari jeusi likasimama, na waziri akashuka.

Alipanda ngazi polepole. Alipofika juu alisimama, jambo ambalo Muriel aliniambia hajawahi kulifanya.

"Habari za asubuhi, Ovenden," akasema. Tulimsikia vizuri, barabara ilikuwa tupu.

"Nzuri, Mheshimiwa."

Na Mzee Wilfred Ovenden, ambaye kwa miaka thelathini na moja alifungua mlango ule kwa mkono wa kulia, akainua kofia kwa mkono wa kulia, akafungua mlango kwa mkono wa kushoto. Sawasawa kama ilivyosomwa kwenye televisheni. Waziri akautazama ule mkono. Nchi nzima ilikuwa imefundishwa kuutazama mkono huo, na yeye pia. Akasimama hapo muda wa kuhesabu mpaka nne, kisha akainamisha kichwa akaingia.

Nikasikia sauti kando yangu. Muriel alikuwa ameukumbatia mlingoti wa kituo cha basi, kofia imemwendea upande, anacheka mpaka machozi yanamwagika kwenye skafu. Nilikuwa nimekaa naye studio miaka saba, na sikuwahi kujua kicheko chake kina sauti gani. Ng'ambo kule baba yake alitutupia macho mara moja tu, akaufunga mlango taratibu, na akarudi mahali pake.